Ukingo wa Kutambuliwa: Tafakari Juu ya Kifaa Kinachosoma na Kukata

Miongoni mwa hitilafu zote zinazomkabili fundi wa vifaa vya kielektroniki, iliyo ngumu kuliko nyingine si ile ya kifaa kilichokufa, kwa kuwa kifaa kilichokufa hubaki katika hali moja na kumngoja anayekipima, bali ni ile ya kifaa ambacho kompyuta hukitambua asubuhi na kukikana mchana, kinachosoma kwenye tundu moja na kugoma kwenye jingine, na ambacho kikifikishwa mezani kwa fundi hufanya kazi vizuri mpaka mwenyewe aonekane mzushi. Mafundi wa Tanzania husema kwa ufupi kwamba kifaa cha namna hiyo kinasoma na kukata. Tafakari hii inaishughulikia hitilafu hiyo katika eneo moja, yaani vifaa vyenye kompyuta ndogo iliyopachikwa ndani kwa ajili ya kazi maalumu, ambavyo huungana na kompyuta kubwa kwa njia ya USB, mfumo wa pamoja wa kuunganisha vifaa uliotolewa mwaka 1996 na kampuni kadhaa zikiwemo Intel, Microsoft, IBM na NEC.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kifaa kinachosoma na kukata si kigeugeu, wala hakisumbuliwi na mkosi, bali ni kifaa kinachoishi ukingoni mwa mipaka iliyowekwa, kiasi kwamba badiliko dogo la joto, la urefu wa waya au la nguvu ya umeme linatosha kukivusha upande wa pili. Anayeielewa hoja hiyo huacha kuuliza kwa nini kifaa kimekataa leo, akaanza kuuliza ni kipimo gani kilichokuwa kimebakiza nafasi ndogo tangu siku kifaa kilipotengenezwa. Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo inayotenganisha ufundi na kubahatisha.

Jambo hili linagusa maisha ya watu wa magharibi mwa Tanzania kuliko inavyodhaniwa. Zahanati inayotunza chanjo ndani ya nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi huhitaji kirekodi cha joto kinachohifadhi historia ya jokofu, na aina kadhaa za virekodi hivyo hutoa taarifa zake kwa kuchomekwa kwenye kompyuta. Wenye maduka, walimu na watumishi wa vijijini kwa muda mrefu wamepata intaneti kwa modemu ndogo ya kuchomeka. Kuanzia Februari 2015, Tume ya Taifa ya Uchaguzi iliandikisha wapiga kura kwa mfumo wa kibayometriki unaofahamika kwa jina la BVR, ambao ulibeba pamoja kompyuta, kamera, kichukua alama za vidole na printa. Na uboreshaji wa daftari la wapiga kura ulipoanza tena Julai 2024, ulizinduliwa Kigoma. Pale ambapo vifaa vya aina hizo haviaminiki, zahanati hukosa ushahidi wa usalama wa chanjo, na mwananchi aliyetembea kutoka kijijini hurudi nyumbani bila kuhudumiwa, huku akiambiwa tu kwamba mashine imegoma.

Huko magharibi, Tabora ni mahali panapofaa kulifikiria suala la kutambuliwa, kwa sababu mji huo ulikua kutokana na kazi ya kuwapokea watu waliotoka mbali, kuwafahamu na kuwawezesha kuendelea. Katika karne ya 19, misafara iliyoondoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na kukata nchi ya Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, baada ya mwendo ambao mara nyingi ulichukua kama miezi mitatu, na kutoka hapo njia ikagawanyika, mkono mmoja ukielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na mwingine ukipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika hapo, kwenye kituo kilichoitwa Kazeh, Novemba 1857, na Henry Stanley akafika Juni 1871. Njia hiyo haifai kupambwa, maana ilipitisha pembe za ndovu na pia watu waliotekwa, na uzito wake wote ulibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, ambao mzigo wa kawaida wa mmoja wao ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32.

Hata hivyo, njia hiyo ilikuwa na utaratibu ambao hakuna kiongozi wa msafara aliyeweza kuupuuza. Kirangozi, aliyetangulia mbele ya wote, alionekana na bendera yake. Ngoma, baragumu na milio ya bunduki viliwajulisha wenyeji kwamba kuna wageni wanaokuja. Kisha yakafuata maswali ya wageni ni nani, wametumwa na nani na wamebeba nini. Na katika Ugogo, ambako maji yalikuwa ya visima na visima vilikuwa na wenyewe, ushuru ulioitwa hongo ulijadiliwa na kuafikiwa kabla ya msafara kuruhusiwa kwenda mbele. Kila hatua iliutegemea ukamilifu wa hatua iliyotangulia, na msafara uliokwama ulijulikana umekwama kituo gani na kwa sababu ipi. Ni utaratibu wa namna hiyo hiyo, ingawa unakwisha kwa sehemu ya sekunde, unaopitiwa na kila kifaa kinachochomekwa kwenye kompyuta, na anayetaka kutibu kifaa kinachosoma na kukata hana budi kuujua kituo kwa kituo.

Kebo ya kawaida ya USB ina nyaya nne. Mbili kati yake hubeba umeme wa volti 5 na njia yake ya kurudi, na mbili nyingine, zinazoandikwa D+ na D−, hubeba mawasiliano. Kompyuta, ambayo hapa itaitwa mwenyeji, huzivuta nyaya hizo mbili za mawasiliano kuelekea volti sifuri kwa kutumia rizista, kipande kinachopunguza mkondo wa umeme, zenye ukinzani wa omu 15,000 kila moja. Kwa hiyo pasipo na kitu, nyaya zote mbili ziko chini. Kifaa kinachoingia, ambacho kitaitwa mgeni, hujitangaza kwa kuunyanyua waya mmoja kuelekea volti 3.3 kupitia rizista ya omu 1,500: akiunyanyua D+ anasema kwamba anaweza kwenda kwa mwendo wa biti milioni 12 kwa sekunde, na akiunyanyua D− anasema kwamba ni wa mwendo wa chini wa biti milioni 1.5. Huo ndio mlio wa kwanza wa kuwasili, na mwenyeji asipousikia hakuna lolote litakalofuata.

Mwenyeji akishauona waya umepanda haharakishi. Anasubiri angalau milisekunde 100 ili mtetemo wa vyuma wakati wa kuchomeka utulie, kisha anazishusha nyaya zote mbili kwa angalau milisekunde 10, jambo linalomwamuru mgeni aanze upya akiwa hana jina. Hapo mgeni hujibu kwa anwani sifuri, ambayo ni ya kila aliye mpya, na mwenyeji humwomba maelezo yake ya kwanza, humpa anwani yake mwenyewe kati ya 1 na 127, na baada ya kumpa milisekunde 2 za kujizoeza na anwani hiyo, humwuliza tena maelezo kamili: namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa, kazi anazoweza kuzifanya na kiasi cha umeme anachohitaji. Kabla ya hatua hiyo kukamilika mgeni haruhusiwi kutumia zaidi ya miliampea 100. Baada ya kukubaliwa anaweza kupewa hadi miliampea 500 kwa vifaa vya toleo la pili la USB, lililotolewa mwaka 2000. Mwishoni kabisa mfumo wa kompyuta hutafuta programu inayomfaa mgeni huyo, na hapo ndipo mtumiaji anapoona kwamba kifaa kimesoma.

Maelezo haya yana faida moja kubwa kwa fundi, nayo ni kwamba yanaligawa neno "haisomi", ambalo mteja hulitamka kwa mkupuo, katika hali tatu zisizofanana hata kidogo. Hali ya kwanza ni ile ambayo kompyuta haikuona lolote, na kumbukumbu za mfumo hazina mstari wowote mpya. Hapo lawama iko kwenye umeme, kwenye kebo au kwenye ile rizista ya kujitangaza. Hali ya pili ni ile ambayo kompyuta iliona kwamba kuna mgeni lakini ikashindwa kupata maelezo yake. Kwenye mfumo wa Linux hali hiyo huandikwa kwa namba kama −71, inayomaanisha kwamba majibu yalifika yakiwa yamevurugika, au −110, inayomaanisha kwamba muda wa kungoja ulikwisha bila jibu. Na hapo uchunguzi huelekezwa kwenye nyaya za mawasiliano, kwenye saa ya chipu na kwenye programu ya ndani ya kifaa. Hali ya tatu ni ile ambayo utambulisho ulikamilika, kisha mgeni akatoweka baada ya sekunde au dakika kadhaa. Na hapo wa kuhojiwa kwanza ni umeme unaohitajika baada ya kazi kuanza, na utaratibu wa kulala. Fundi anayeanza kubadilisha vipuri kabla ya kujua ni hali ipi kati ya hizo tatu anatumia fedha za mteja kununua bahati.

Umeme unastahili kutajwa wa kwanza, kwa kuwa ndio unaoongoza kwa kuangusha vifaa na ndio ulio rahisi kuliko vyote kuupima. Kebo nyembamba inayouzwa kwa bei ya chini aghalabu huwa na nyaya zenye ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita; kebo ya mita 2, ambayo umeme wake huenda na kurudi, huwa na ukinzani wa jumla wa karibu omu 0.85; na mkondo wa miliampea 500 ukipita humo, volti 0.43 hupotea njiani kabla ya kukifikia kifaa. Chaja au tundu lililotoa volti 5 kamili linakuwa limekifikishia kifaa volti 4.57, na kama chanzo chenyewe kilikuwa kimeshuka hadi 4.75, ambacho ni kiwango cha chini kinachoruhusiwa kwenye tundu la kompyuta, kifaa kinabaki na volti 4.32 tu. Modemu ya simu huvuta umeme kwa mipigo mifupi na mikali, hasa mnara wa mtandao unapokuwa mbali na modemu ikalazimika kutangaza kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo modemu iliyosoma vizuri mjini Tabora inaweza kukata kila mara katika kijiji kilicho mbali na mnara, na mwenye nayo akaulaumu mtandao ilhali kosa liko kwenye waya wenye urefu wa mkono wake.

Kukata kwa aina hii hakukuwasumbua watumiaji wa vijijini peke yao. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ilipotoka mwaka 2012, matundu yake ya USB yalikuwa yamewekewa fyuzi zinazojirejesha zenyewe, za miliampea 140, na fyuzi hizo, kwa kuwa zina ukinzani, zilipunguza volti kiasi cha kufanya vifaa vingi vilivyochomekwa visitambuliwe au vikate. Watengenezaji wakaziondoa kwenye matoleo yaliyofuata. Na katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013, mfumo wa kuwatambua wapiga kura kwa njia ya kielektroniki ulishindwa katika vituo vingi, na miongoni mwa sababu zilizotajwa hadharani ni betri kuisha na vyumba vya madarasa vilivyotumiwa kuwa vituo kukosa umeme wa kuzichaji, hata wasimamizi wakarejea kwenye daftari la karatasi. Tukio hilo halikuwa hitilafu ya USB, lakini linafundisha jambo lile lile: utambuzi, hata uwe wa hali ya juu kiasi gani, husimama juu ya umeme, na umeme usipopangiwa mapema hakuna programu itakayoziba pengo lake.

Umeme una siri nyingine inayojitokeza katika sehemu ya sekunde. Ndani ya kila kifaa mna kapasita, vihifadhi vidogo vya chaji, ambavyo hujazwa mara tu kifaa kinapochomekwa. Na kwa kuwa vinanyonya kwa pupa, kanuni za USB zinamtaka mgeni asiwe na zaidi ya mikrofaradi 10 zinazoonekana moja kwa moja kwenye waya wa umeme, huku zikimtaka mwenyeji awe na angalau mikrofaradi 120 za kuhimili mnyonyo huo. Mbunifu anayeongeza kapasita kubwa kwenye bodi yake kwa nia njema ya kutuliza umeme anaweza kuwa anaiangusha volti ya tundu zima wakati wa kuchomeka, kiasi kwamba kifaa chake, na pengine na cha jirani yake kwenye habu ile ile ya matundu, kinajizima na kuanza upya katikati ya utambulisho. Malitimita haitaonyesha kitu, kwa sababu kipimo hicho huonyesha wastani, na anguko hilo huisha kabla namba haijabadilika. Hapo ndipo osiloskopu, chombo kinachochora mabadiliko ya volti kwa wakati, kinapohitajika.

Baada ya umeme huja miguso ya vyuma. Tundu la kawaida la USB lilibuniwa livumilie kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500, na tundu dogo la micro mara 10,000, idadi ambayo huonekana kubwa mpaka mtu akumbuke kompyuta ya ofisi ambayo kila anayeingia huchomeka flashi yake. Ndani ya plagi ya kawaida, vyuma vya umeme vimefanywa virefu kuliko vya mawasiliano ili umeme ufike kwanza. Plagi isiposukumwa mpaka mwisho, au kasha la kifaa likiizuia kwa milimita moja, taa ya kifaa huwaka ilhali nyaya za mawasiliano hazigusani, na mtumiaji hushangaa kifaa chenye uhai kisichosoma. Vumbi la kiangazi, ambalo katika uwanda wa Tabora huanza mvua zinapokwisha na kudumu mpaka zinaporudi Novemba, huingia kwenye matundu yasiyofunikwa na kuongeza ukinzani pale ambapo hakuna anayetazama. Zipo pia kebo za kuchajia tu, ambazo nyaya za mawasiliano hazimo kabisa, na ambazo kwa macho hazitofautiani na kebo kamili.

Kuna sababu ya tatu ambayo hujificha kwenye joto. Mgeni na mwenyeji hawana waya wa pamoja wa kuhesabia wakati, kwa hiyo kila mmoja hutegemea saa yake mwenyewe, na kwa mwendo wa biti milioni 12 kwa sekunde, ambapo biti moja hudumu chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, kanuni zinaruhusu saa ya mgeni ikosee kwa asilimia 0.25 tu. Saa iliyotengenezwa kwa kristali huitimiza kanuni hiyo bila shida, lakini chipu nyingi za bei nafuu zina saa ya ndani isiyo na kristali, ambayo inaweza kuyumba kwa asilimia 1 au zaidi joto linapobadilika. Na isipokuwa chipu imebuniwa kujirekebisha kwa kufuata ishara ambayo mwenyeji huituma kila milisekunde 1, itatambuliwa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kukataliwa chini ya bati mwezi Oktoba. Mbunifu aliyeijaribu kazi yake katika maabara yenye ubaridi atasema kwa dhati kwamba kifaa ni kizima, na mtumiaji aliyeko wilayani Urambo atasema kwa dhati kwamba ni kibovu, na wote wawili watakuwa wamesema walichokiona.

Mfano unaoithibitisha hoja ya ukingo kuliko yote unatoka kwenye bodi moja ndogo inayopendwa na wanafunzi na wabunifu duniani kote kwa sababu ya unafuu wake, inayojulikana kwa jina la Blue Pill. Bodi nyingi za aina hiyo zilitengenezwa zikiwa na rizista ya kujitangaza ya omu 10,000 badala ya omu 1,500. Hesabu yake ni fupi. Kwa rizista sahihi, D+ hupanda hadi volti 3.0 mbele ya mwenyeji mwenye rizista ya omu 15,000, na kwa kuwa volti 2.0 zinatosha kuonekana, mgeni ana akiba ya volti nzima. Kwa rizista ya omu 10,000, D+ hupanda hadi volti 1.98 tu, yaani pungufu ya kiwango kwa volti 0.02. Lakini marekebisho ya baadaye ya kanuni yaliwaruhusu wenyeji kuwa na rizista hadi omu 24,800, na mbele ya mwenyeji wa namna hiyo bodi ile ile hufika volti 2.35 na kutambuliwa bila tatizo. Bodi moja, programu moja, kebo moja, na majibu mawili yanayopingana kwenye kompyuta mbili. Wala hakuna chembe ya muujiza ndani yake.

Mfano huo unafundisha pia kwamba neno "inafanya kazi" si kipimo. Mtu aliyeijaribu bodi hiyo kwenye kompyuta yake na kuiona inasoma angeweza kuapa kwamba haina dosari, ilhali ilikuwa imevuka kiwango kwa bahati ya aina ya kompyuta aliyoitumia. Kosa la jamaa hiyo lilijitokeza hata kwa watengenezaji wenye uzoefu: Raspberry Pi 4, iliyotolewa Juni 2019 ikiwa na tundu jipya la USB-C, ilikuwa na rizista moja iliyounganishwa kwenye pini mbili ambazo kila moja ilistahili rizista yake ya omu 5,100, na matokeo yake baadhi ya chaja, zikitumiwa pamoja na kebo zenye chipu ya utambulisho, ziliidhania kuwa kifaa cha kusikilizia sauti na zikakataa kuipa umeme, wakati chaja zilizokuja na kebo za kawaida ziliiwasha bila swali. Watengenezaji walilikiri kosa hilo na kulirekebisha kwenye bodi zilizofuata, na ukweli wao huo unastahili kuigwa.

Programu nayo ina sehemu yake. Mgeni anayechelewa kuwa tayari baada ya kuamriwa aanze upya, anayetoa maelezo ambayo urefu wake haulingani na aliyoyaahidi, au anayeshughulika na kazi nyingine wakati mwenyeji anamwita, huonekana mkaidi ilhali nyaya zake zote ni nzima. Modemu nyingi za simu hujitambulisha kwanza kama diski yenye programu ya kusakinisha, na mpaka zipewe amri maalumu ndipo hubadilika na kuwa modemu. Kompyuta isiyojua kuitoa amri hiyo itaona diski na kuishia hapo. Kisha kuna usingizi: kanuni zinamtaka mgeni alale pale nyaya zinapokuwa kimya kwa zaidi ya milisekunde 3, akipunguza matumizi yake hadi miliampea 2.5, na wageni ambao programu yao haikuandikwa kwa uangalifu hulala wasiamke. Vifaa vyenye betri yake au paneli yake ya jua vina mtihani wa ziada, kwa kuwa havipaswi kuunyanyua waya wa kujitangaza pale ambapo mwenyeji hajawashwa. Visipochunga hilo huusukuma umeme kinyumenyume ndani ya kompyuta iliyozimwa, na kompyuta hiyo ikiwashwa huanza katika hali ya kuchanganyikiwa.

Kutokana na haya yote unapatikana utaratibu wa uchunguzi ambao hauhitaji vifaa vya gharama kubwa kuliko nidhamu. Kwanza zisomwe kumbukumbu za mfumo ili ijulikane ni kituo gani mgeni alikwama. Kisha volti ipimwe kwenye kifaa chenyewe, wala si kwenye chaja, na ipimwe wakati kifaa kinafanya kazi, wala si wakati kimepumzika. Kisha kebo ibadilishwe kwa nyingine fupi na nene iliyothibitishwa, na hilo lifanywe peke yake, kwa sababu anayebadilisha kebo, tundu na programu kwa wakati mmoja, hata kifaa kikipona, hajui kilichokiponya. Kisha kifaa kijaribiwe kwenye kompyuta za aina mbalimbali, kikiwa cha moto na kikiwa cha baridi, na kila jaribio liandikwe pamoja na saa, joto na matokeo yake. Lengo la majaribio hayo ni kukisukuma kifaa kwa makusudi mpaka kikatae, maana hitilafu inayoweza kuitwa na ikaitika imekwisha kuwa nusu ya njia ya kutibiwa.

Suala la kuandika halipaswi kuchukuliwa kuwa la pembeni. Kwenye njia ile ile ya misafara, mmisionari David Livingstone alipofika Ujiji Oktoba 1871 alikuta kwamba bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zilikuwa zimefika, lakini zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Na baada ya kukutana na Stanley ilimbidi akae Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mpaka Agosti 1872 akingoja wapagazi wapya. Safari ndefu yenye vituo vingi haihakikishwi kwa kujua tu kwamba msafara uliondoka na kwamba msafara ulifika. Inahakikishwa kwa kujua kilichopokewa na kukabidhiwa katika kila kituo. Fundi asiyeandika hulazimika kuianza safari upya kila mteja anaporudi, na ujuzi alioupata kwa taabu humalizika naye, ilhali daftari la vipimo vya kifaa kimoja likihifadhiwa linaweza kuwaokoa mafundi wa mkoa mzima.

Kwa sababu hiyo wajibu wa kuviponya vifaa hivi haumwangukii fundi peke yake. Vyuo vinavyofundisha ufundi mkoani, vikiwemo VETA na chuo cha reli ambacho Tabora imekuwa nacho kutokana na nafasi yake kwenye Reli ya Kati, iliyofika mjini hapo mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, vinaweza kuufundisha utambulisho wa USB kama somo la kupima na kufikiri, badala ya kuuacha uwe siri ya wachache. Wanaoandaa zabuni za umma wanaweza kudai kwamba kifaa kijaribiwe kwa volti ya chini, kwa kebo ndefu na kwa joto la Oktoba kabla hakijapokewa, badala ya kuridhika na onyesho la dakika chache katika ukumbi wenye umeme mzuri. Na wabunifu vijana wa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Kampala, ambao sasa wanatengeneza bodi zao wenyewe, wanaweza kuchagua kuacha akiba pale ambapo kanuni inaruhusu kwenda ukingoni, wakiongeza kristali yenye gharama ndogo, wakihakiki rizista kwa hesabu badala ya kunakili mchoro, na wakikumbuka kwamba mtumiaji wao wa mbali hana duka la vipuri karibu.

Kuna tabia moja ambayo ingefaa ikomeshwe, nayo ni ya kumwambia mtumiaji wa pembezoni kwamba kifaa kinamkataa kwa kuwa hajui kukitumia. Mara nyingi yeye ndiye anayekipima kifaa kwa ukali kuliko maabara yoyote, kwa sababu anakitumia pale ambapo volti ni ndogo, kebo ni ndefu na jua ni kali, na ushuhuda wake kwamba "kinasoma na kukata" ni taarifa sahihi ya kitaalamu inayongoja mtu wa kuigeuza kuwa namba. Kifaa kisichotambuliwa kila kinapochomekwa bado hakijakamilika, hata kama kimekwisha kununuliwa, kusambazwa na kuzinduliwa, na anayekipokea Tabora, Urambo au Ujiji ana haki ya kukirudisha kwa aliyekitengeneza, pamoja na vipimo vinavyoonyesha ni hatua ipi iliyokikwamisha, na kudai kwamba kikamilishwe.